Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe

Ndugu msomaji,

Leo sikuletei mas-ala ya Sala wala ya mirathi. Nakuletea khabari ya safari ya siku moja, safari ya maili kumi tu, iliyonichukua tangu asubuhi mpaka alasiri. Ukiwa na haraka, weka gazeti hili kando uje ulisome baadaye, kwani khabari yenyewe haikimbii. Na nikwambie mapema: usitaraji kuniona mimi katika khabari hii nikimfunza mtu. Aliyefunzwa ni mimi, na aliyekosa ni mimi.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilikwenda Uingereza kumtazama binti yangu anayekaa na mumewe katika mji wa Leicester. Mji huo una watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, khasa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na wengine waliokuja kutoka Kenya, Tanganyika na visiwani kwetu. Ukipita madukani hushangai kusikia mtu akimjibu mwenzake kwa Kiswahili safi huku anapima bamia.

Ijumaa ya kwanza, watu walipokuwa wakitoka msikitini, mtu mmoja mwenye ndevu zilizoanza mvi alinijia, akanishika mkono akaubusu, akasema, "Ma-ma-maalim." Sura yake sikuitambua, lakini kile kigugumizi nilikitambua palepale, na moyo wangu ukanishuka.

Hapo hapana budi nikurejeshe nyuma. Kadiri ya mwaka 1986 mimi nilikuwa kijana, nimerithishwa chuo cha mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja. Watoto walikuwa sitini na mwalimu mmoja. Nilikuwa na pupa ya sifa. Nilitaka isemwe mjini kuwa chuo cha fulani ndicho kinachohitimisha watoto upesi. Waliosoma upesi niliwakalisha mbele, na wazito niliwakalisha nyuma, karibu na mlango. Na huyu alikuwa mzito kuliko wote, kwa sababu kila herufi ilimnata ulimini. Nilimtia bakora, haikusaidia. Nikamwambia awe anakaa nje barazani mpaka mstari wake umtoke bila ya kukwama. Baada ya miezi mitatu nikamwita baba yake nikamwambia, "Bwana, usimpotezee mtoto huyu wakati. Mpeleke akajifunze kazi." Nilijiona nimetoa shauri la busara. Yule baba aliinamisha kichwa, akanishukuru, akaenda zake na mtoto wake, nami nikarudi kwa wale wa mbele.

Basi huyo ndiye aliyenibusu mkono Leicester baada ya miaka hiyo yote. Sasa ni baba wa watoto wanne, dereva wa gari la mizigo. Akanambia, kwa ule usemi wake wa kukwama na kuendelea, "Maalim, Jumapili nina nafasi. Nataka nikupandishe chombo changu."

Nikacheka. Leicester iko katikati ya nchi, bahari iko mbali pande zote. Nikamuuliza, "Chombo gani, mwanangu? Mtapita kwenye majani?"

Akasema, "Utaona."

Jumapili asubuhi akanichukua kwa gari mpaka mji mdogo uitwao Market Harborough, na hapo nikaona. Kuna mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu, na mfereji huo ulifika mji huo mwaka 1809. Juu ya maji yake vimefungwa vyombo virefu vyembamba vilivyopakwa rangi nyekundu, kijani na buluu, vingine vimechorwa maua ya waridi na makasri, kama ilivyokuwa dasturi ya mabaharia wao wa zamani. Cha kwetu amekinunua kwa shirika na wenzake wanne wa kazini. Kina urefu wa futi 57, na upana wake hautimii futi saba. Ukiingia ndani ni kama ukumbi wa nyumba zetu za Mji Mkongwe: mrefu, mwembamba, jiko upande mmoja, kitanda upande mwingine, na watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze.

Yeye akasimama tezini, akashika kana kama nahodha wa jahazi. Usukani wake ni uleule tuujuao sisi: ukitaka omo iende kulia, sukuma kana kushoto. Akawasha mashine, kikalia kidogo kidogo kama cherahani, tukaondoka. Au niseme tulidhani tumeondoka, maana kulikuwa na bibi mmoja kizee akitembea na mbwa wake kandoni, na yule bibi akatupita.

Sheria ya mifereji hiyo ni kuwa chombo kisizidi maili nne kwa saa, na ukipita penye vyombo vilivyofungwa upunguze zaidi, usije ukavitikisa na kuzikata kamba zake. Robo saa ya mwanzo, wallahi, nilitaabika. Mkono wangu ulikwenda kwenye saa mara tano. Nilikuwa nikifikiri barua nilizoacha bila ya kujibu na darsa ya Jumatatu. Yeye hakusema kitu. Alinipa chai ya maziwa yenye iliki na kachori, akatazama mbele.

Nikamuuliza kwa nini wamevifanya vyombo vyao vyembamba hivi, na jibu lake lilinishughulisha kwa muda. Kasema mifereji ya Waingereza ilianza kushika kasi baada ya mwaka 1761, pale tajiri mmoja, Duke wa Bridgewater, alipofungua mfereji wa kuchukua makaa ya mawe kutoka machimbo yake ya Worsley kupeleka Manchester. Gari la farasi katika njia za matope za siku zile halikuweza mzigo mkubwa, lakini farasi huyohuyo akivuta chombo kinachoelea huweza tani 25 au 30. Bei ya makaa Manchester ikaanguka kadiri ya nusu. Kila mtu akataka mfereji.

Fundi mkubwa wa kazi hiyo alikuwa James Brindley, aliyezaliwa mwaka 1716. Mtu huyu kusoma na kuandika kulimshinda, akiandika kwa tabu na makosa mengi. Hesabu zake alizifanya kichwani. Na alipokutana na jambo gumu, alikuwa akipanda kitandani akalala humo kutwa, pengine siku mbili au tatu, akifikiri tu, mpaka jambo limfungukie, kisha akaamka akatoa amri. Yeye ndiye aliyekadiria vyumba vya kupandishia vyombo viwe na upana wa futi saba, kuokoa maji na gharama, na kwa ajili hiyo vyombo vya huko ni vyembamba mpaka leo.

Mwanafunzi wangu alipomaliza khabari hiyo alinyamaza, nami nikanyamaza. Nikajiuliza moyoni: mtoto kama Brindley angaliletwa chuoni kwangu mwaka 1986, ningalimkalisha wapi? Jawabu nilikuwa nalijua.

Tukafika penye daraja la zamani la matofali. Akapunguza mwendo mpaka tukakaribia kusimama, akanambia nitazame pembe ya daraja. Pale pamepigwa bamba la chuma kuyalinda matofali, na chuma chenyewe kimeingia mifuo mirefu, mmoja juu ya mwengine. Nikatia kidole changu katika mfuo mmoja, kikazama.

"Nini kimekata hapa?" nikauliza. "Msumeno?"

"Ka-kamba," akasema. Kamba za katani, na nyingine za pamba. Farasi walipita kandoni wakivuta vyombo, na kila chombo kilipopinda chini ya daraja kamba ililala juu ya pembe ile, ikasugua, ikapita. Kesho tena. Kwa miaka zaidi ya mia.

Ndugu msomaji, methali ile, papo kwa papo kamba hukata jiwe, nimeisema mbele ya watoto mara elfu. Niliisema kwa kuwahimiza waende mbio. Sikupata kuiona kwa macho yangu mpaka siku ile katika nchi ya watu, na nilipoiona nikafahamu kuwa nilikuwa nikiisomesha kichwa chini. Kamba haikukata chuma kwa sababu ilikwenda mbio. Ilikata kwa sababu ilirudi palepale.

Kabla ya adhuhuri tukafika Foxton. Hapo mfereji unakuta kilima, na maji, kama ujuavyo, hayapandi. Kwa hiyo wakajenga ngazi ya maji: vyumba kumi vya matofali vilivyofuatana kupanda kilima, vitano, kisha bwawa la kupishania, kisha vitano tena. Ngazi hiyo ilifunguliwa mwaka 1814, na inapandisha chombo futi 75. Unaingia chumba cha chini, mlango unafungwa nyuma yako, maji yanafunguliwa kutoka juu, nawe unainuka polepole pamoja nayo mpaka ulingane na chumba cha pili. Kisha mlango wa mbele unafunguliwa, unasogea, na mambo yanaanza upya, mara kumi.

Tulikuta vyombo vinashuka, tukaambiwa tungoje. Tulingoja saa nzima. Hakuna aliyenung'unika. Watu walikaa juu ya majani, wengine wakakosha vyombo vyao, wengine wakazungumza na wasiowajua. Wanaosimamia ngazi hiyo wengi wao ni watu wa kujitolea, wazee waliokwisha kustaafu, chini ya chama cha wakfu kilichokabidhiwa mifereji hiyo na serikali mwaka 2012. Mmoja wao, mzee wa rika langu, akanipa mpini wa chuma uliopindwa, wa kuzungushia vilango vya maji, akanifunza kanuni. Kila chumba kina vilango viwili, kimoja chekundu na kimoja cheupe. Chekundu kinafunguliwa kwanza, na cheupe baadaye. Chekundu huleta maji ya bwawa la pembeni katika chumba ulichomo. Cheupe huyatoa maji ya chumba cha juu yakaingia katika lile bwawa. Ukianza na cheupe, bwawa limejaa na hulipunguzi, maji yatafurika mpaka njiani, na ukafanya uharibifu kwa kazi ileile ambayo ungeifanya kwa taratibu ingekuwa na manufaa.

Kisha akaniachia mlango niufungue. Mlango wenyewe una boriti nene inayotokeza kandoni, unauegemea kwa mgongo na kurudi kinyumenyume. Nikaegemea, nikasukuma, haukutikisika. Nikasukuma mpaka jasho likanitoka. Mwanafunzi wangu akiniangalia kutoka chomboni, akasema, "Maalim, ngo-ngoja. Ma-maji hayajalingana."

Nikatazama. Kweli, upande wa pili maji yalikuwa yamezidi kwa kiasi cha shibiri. Shibiri moja tu, lakini nguvu za watu ishirini hazingeufungua mlango ule. Nikangoja. Baada ya dakika moja hivi nikahisi boriti imelegea mgongoni kwangu yenyewe, nikaurudia, ukafunguka kama pazia. Mzee wa miaka sitini na kitu aliufungua mlango wa tani nzima kwa mgongo wake, kwa sababu maji yalikuwa yamelingana.

Nikakumbuka milango niliyoipiga kwa bakora.

Kando ya ngazi ile kuna mteremko mkubwa wenye majani. Nikauliza ni wa nini. Nikaambiwa hapo palikuwa na mashine. Mwaka 1900 waliona ngazi inachelewesha, wakajenga matangi mawili makubwa ya chuma yaliyopanda na kushuka kilima juu ya reli kwa nguvu ya mvuke, moja likishuka jingine likipanda, na kila moja likichukua vyombo viwili. Kazi ya saa moja na robo ikawa ya dakika kumi na mbili. Watu wakastaajabu. Lakini upande wa pili, maili ishirini mbele, penye ngazi ya Watford, hawakupapanua. Basi vyombo vilikwenda mbio Foxton vikaenda kungoja Watford. Na kuiweka mashine na moto wake tayari kutwa ilikuwa gharama, na vyombo vilikuwa vinapungua kwa sababu ya reli. Mwaka 1911 ikasimamishwa kazi yake ya kila siku, na mwaka 1928 ikauzwa chuma chakavu. Ngazi ya 1814 ndiyo tuliyoipanda sisi.

Sisemi mashine ni mbaya, ndugu msomaji. Mimi mwenyewe nilikwenda Uingereza kwa ndege, sikwenda kwa jahazi. Nasema kuwa anayekwenda mbio mahali pamoja ili akangoje mahali pengine hajawahi kufika mapema. Wangapi katika wale niliowahitimisha upesi, wakapigiwa dufu na kuvishwa kanzu mpya, leo wanasoma? Wengine wameshasahau hata Juzuu Amma. Niliwafikisha Watford, nikawaacha wakingoja.

Tulipofika juu ilikuwa imeingia adhuhuri. Tukafunga kamba kandoni, tukatawadha kwa maji ya tangi ya chombo, tukatandika mkeka juu ya majani. Kibla cha huko ni kusini mashariki, na kwetu Unguja ni kaskazini. Nikasalisha mimi, yeye nyuma yangu kuliani. Na rakaa zilikuwa nne, hazikupunguzwa, kwani nilikuwa nimeshanuia kukaa Leicester mwezi mzima, na maili kumi hazifikii safari ya kupunguza Sala. Hapo nikakumbuka kuwa wanazuoni wetu waliipima safari hiyo kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia aliyebeba mzigo. Hawakuipima kwa farasi wa mbio. Waliipima kwa mnyama mwenye mzigo, anayekula na kupumzika njiani. Nimeisomesha mas-ala hiyo miaka arobaini, na sikuwahi kuuona ule mzigo mgongoni mwa ngamia.

Tukala samaki wa kukaanga na chapati alizopika mkewe, tukaendelea. Juu ya kilima mfereji hauna ngazi nyingine kwa maili ishirini. Unazunguka vilima kama mtu anayetafuta njia katika nyumba yenye watu waliolala. Maji yake yanatoka katika mabwawa ya Welford, Sulby na Naseby. Kondoo walitutazama. Korongo alisimama ukingoni, akatungoja mpaka tulipomfikia, akaruka hatua chache mbele, akatungoja tena.

Kisha tukafika penye tundu jeusi katika kilima. Ni handaki la Husbands Bosworth, lenye urefu wa yadi 1,166, halina njia ya miguu ndani. Zamani farasi alifunguliwa akapitishwa juu ya kilima, na watu wakalala chali juu ya chombo, wakakisukuma kwa kutembeza miguu yao katika kuta. Yeye akawasha taa ya mbele, tukaingia.

Ndani ni baridi, na matone ya maji hukuangukia shingoni. Ukitazama nyuma unaona mwangaza wa mlango unakuwa mdogo kama sarafu. Taa ya mbele inamulika ukuta, haimuliki uso wa mwenzako. Na hapo gizani nikamsikia anaanza kusoma.

Alisoma Suratu Taha. Alisoma kwa moyo, kwa sauti ya chini, kwa mwendo ule ule wa chombo, na matofali yakairudisha sauti yake. Nilisimama nikingoja akwame. Nilijua wapi atakwama, nilikumbuka kila herufi iliyokuwa ikimshinda. Hakukwama. Makhraji zake ni safi, madda zake zimetimia. Alipofika pale Nabii Musa, amani iwe juu yake, anapomuomba Mola wake amfungulie fundo lililo katika ulimi wake, mimi sikuweza tena kujizuia, nikalia. Nashukuru palikuwa giza.

Alipotua nikamuuliza, "Nani alikusomesha?"

Akanambia ni mzee mmoja wa Kigujarati, aliyekuwa akisomesha watu wazima baada ya Isha. Alipomwendea alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, hajui hata kuunga. Yule mzee alimwambia usiseme, imba. Na usiimbe ukurasa, imba mstari. Mstari mmoja kwa wiki. Akirudi na mstari wake, mzee anausikiliza mpaka mwisho, hata ukichukua robo saa. Miaka kumi na moja hivyo, mpaka akahitimu.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikudhulumu. Nilikupiga kwa jambo lisilo khiari yako, na nikakutoa chuoni. Nakuomba unisamehe kabla hatujatoka gizani humu."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, na nitakuandikia maneno yake bila ya vile vikwazo vyake: "Maalim, mimi bakora sizikumbuki. Nakumbuka baraza. Siku ile ya mwisho ulinambia nikae nje mpaka utakaponiita. Nikakaa, na mstari wangu nikawa nimeuweza. Nilikuwa nao tayari. Adhana ikaadhiniwa, watoto wakatoka, ukafunga mlango, ukapita mbele yangu. Hukuniita."

Nikasema, "Sikukuona."

Akasema, "Najua. Ulikuwa na haraka."

Kisha akasema, "Nimekusamehe zamani, Maalim. Lakini nilikuwa nikitaka uniite."

Tukatoka handakini. Jua lilikuwa kali mpaka tukafumba macho, na hatukusemezana mpaka tulipofunga chombo kandoni kwa mara ya mwisho. Ilikuwa alasiri imekwisha ingia. Nikatandika mkeka mimi. Yeye akasimama nyuma kwa adabu, akingoja nitangulie. Nikageuka, nikamwita kwa jina lake. Nikamwambia, "Tangulia."

Akasita. Najua yaliyomo vitabuni kuhusu kusali nyuma ya mwenye kigugumizi, kuwa inasihi na ni karaha. Lakini mimi nilikwisha kumsikia akisoma, na karaha sikuiona kwake. Akatangulia, nikasali nyuma yake.

Mwenzake mmoja alikuja na gari kuturudisha pale tulipoanzia. Maili zote zile, zilizotuchukua kutwa, tulizirudi kwa chini ya nusu saa. Sikuona kitu njiani.

Sasa, msomaji wangu, imebaki khabari moja, na kwa ajili yake ndiyo nimeandika haya yote. Wiki moja kabla sijasafiri nilikuwa nimemwambia mama mmoja mtaani kwetu maneno yaleyale niliyomwambia yule baba: mwanao mzito, usimpotezee wakati. Kijana wa miaka kumi. Hana kigugumizi, anasahau tu. Sikumbuki kuwa nilimtazama yule mama usoni nilipomwambia.

Jioni ile ile nikampigia simu. Kwetu ilikuwa imepita Isha. Nikamwambia, "Mama fulani, nilikosea. Mrejeshe mtoto."

Akanyamaza, kisha akasema, "Maalim, keshaanza kwenda gereji na mjomba wake. Na mwenyewe anasema kwako harudi."

Nilistahiki kuambiwa hivyo. Niliporejea Unguja nilikwenda mwenyewe mpaka gereji, nikangoja juu ya tairi mpaka kijana alipotoka chini ya gari, mikono yake imejaa grisi. Sikumhutubia. Nilimwomba radhi mbele ya mjomba wake, nikamwambia kuwa baada ya Alasiri mlango uko wazi, na kuwa mstari mmoja kwa wiki unatosha. Hakunijibu. Ijumaa mbili zikapita hakuja. Ya tatu akaja, akakaa nyuma karibu na mlango, pale nilipokuwa nikiwakalisha wazito. Nikamwita kwa jina lake akae mbele.

Kwa hivyo nakuomba nawe, ukiwa ni mwalimu, au mzazi, au bwana wa kazi: tazama barazani kwako kabla hujafunga mlango. Huenda yuko mtu uliyemwambia angoje, naye bado anangoja, na mstari wake keshauweza.

Yule kijana mpaka ninapoandika haya bado yuko katika sura ileile aliyoanza nayo. Juzi alinisomea mstari wake, ukachukua kadiri ya robo saa. Niliusikiliza mpaka mwisho.

Wassalaam.